Hatari ya Mgonjwa na Hatari ya Nyumba
Namna kundi la hospitali linavyochunga hatari zake



Mgonjwa anakuja hospitali juu ya kutafuta uzima. Lakini sisi wenye kufanya kazi ndani tunajua kwamba hospitali yenyewe iko na hatari zake. Sindano inaweza kuponya, na sindano inaweza kuua.

Katika inchi yetu hakuna anayeweza kusahau Yambuku. Mwaka wa 1976 hospitali ya misioni pale Yambuku ilikuwa na vitanda 120. Kila asubuhi walitoa sindano tano tu kwa kazi ya siku nzima. Sindano zile zilitumiwa kwa wagonjwa wa kulala, kwa wagonjwa wa kutoka nje, na kwa mama wenye mimba. Kati ya mgonjwa na mgonjwa walizisuuza tu katika maji. Ugonjwa wa Ebola ulipita katika sindano zile. Watu 318 walipata ugonjwa, na 280 walikufa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Tarehe 30 Septemba hospitali ilifungwa.

Tuangalie jambo hili vizuri. Hesabu ya sindano zinazotoka kila asubuhi ni jambo la depo na la mpango wa kazi. Mtu anaweza kufikiri kwamba ni kazi ya wenye kushika funguo, haimhusu muuguzi. Lakini jambo lile lilifika mpaka kwenye mkono wa mgonjwa. Kisha likarudi kwa nyumba yenyewe: wauguzi walikufa, na mlango ukafungwa.

Leo tunataka kueleza namna kundi la hospitali linavyochunga hatari za namna hizi mbili pamoja. Kundi la hospitali ni hospitali nyingi zilizo chini ya mkubwa mmoja. Inaweza kuwa kompani inayotafuta faida, ao kanisa lisilotafuta faida. Kazi ya kuchunga hatari ni ileile.

1. HATARI ZA NAMNA MBILI

Hatari ya mgonjwa ni kila kitu katika kazi ya kutunza kinachoweza kumwumiza. Dawa isiyo yake. Damu isiyopimwa vizuri. Kupasuliwa upande usio na ugonjwa. Kuanguka kitandani. Kidonda kuoza juu ya mikono isiyonawishwa. Munganga anayefanya kazi asiyoijua.

Hatari ya nyumba ni kila kitu kinachoweza kuangusha hospitali yenyewe. Feza kupungua ao kuibiwa. Moto. Grupe ya umeme kukosa mazutu. Wafanyakazi kukimbia kazi. Kushitakiwa mbele ya tribinali. Karatasi za siri za wagonjwa kufika kwa watu wasiopaswa kuzisoma. Jina baya katika mji.

Katika makundi makubwa, hatari ya kwanza iko mikononi mwa wanganga na wauguzi, na ya pili iko kwa wasimamizi wa mali. Kila upande una komite yake. Mpango ule unafaa, kwa sababu kila mtu anachunga kitu anachokijua. Lakini unaleta mtego: mtu wa mali anafikiri kwamba kosa la chumba cha upasuaji halimhusu, na muuguzi anafikiri kwamba mambo ya feza hayamhusu. Tutaona baadaye namna mtego huu ulivyokamata kundi moja.

2. KAYE YA HATARI

Chombo cha kwanza ni kaye ya hatari. Hata kama siku hizi iko ndani ya ordinatere, ni kaye tu. Kila hospitali ya kundi iko na yake, na wakubwa wa kundi wako na yao.

Ndani ya kaye wanaandika: hatari ni gani, inaweza kutoka wapi, tumefanya nini juu ya kuizuia, nani anayeichunga, kwa jina lake, na siku gani tutaiangalia tena. Hatari isiyo na jina la mtu hakuna anayeichunga. Kila mtu atasema, "Nilifikiri ni kazi ya mwenzangu."

Kisha wanaipima. Wanajiuliza maulizo mawili. La kwanza: inaweza kutokea mara ngapi? Wanaipa hesabu toka 1, maana yake ni shida kutokea, mpaka 5, maana yake karibu itatokea. La pili: ikitokea, itaumiza namna gani? Tena toka 1, kidogo sana, mpaka 5, kifo ao maangamizi. Wanazidisha hesabu mbili hizi.

Mfano. Grupe ya hospitali iko mzee, na mara nyingi mazutu inakosa. Kutokea: 4. Ikizimika wakati mama yuko juu ya meza ya upasuaji, anaweza kufa: 5. Nne mara tano ni 20. Mfano mwingine: mlango wa ofisi hauna kufuli nzuri. Kutokea: 3. Kuumiza: 2. Jumla ni 6. Sasa feza kidogo iliyopo itaanza kazi wapi? Kaye inatoa jibu, na mkubwa hawezi kuanza na mlango wa ofisi yake.

Hatari yenye hesabu ndogo inabaki kwa mkubwa wa sale. Ya katikati inakwenda kwa komite ya hospitali. Yenye hesabu kubwa inapanda mpaka baraza kuu la kundi. Tena jibu linapaswa kushuka. Kama muuguzi aliandika na hakuna jibu lililorudi, mara ya pili hataandika.

Mbele ya kila hatari kuna njia nne. Ya kwanza, kuiacha kabisa: hospitali isiyo na mtu wa kulaza wagonjwa usingizi vizuri isifanye upasuaji mkubwa, impeleke mgonjwa pengine. Ya pili, kuipunguza: kununua sindano za kutosha, kufundisha watu. Ya tatu, kugawanya mzigo wake na wengine, kama vile kulipa bima. Ya ine, kuivumilia kwa kujua, juu ya kuwa iko ndogo. Lakini tujue mpaka wa bima. Bima inalipa feza. Hairudishi kiungo kilichokatwa bila sababu.

3. MABATI YENYE MATUNDU

Mwalimu mmoja wa Uingereza, James Reason, aliyefundisha mambo ya akili katika chuo kikuu cha Manchester, alieleza namna ajali zinavyotokea kwa mfano wa vipande vya jibini vyenye matundu. Kwetu wengi hawaijui jibini ile, basi tuchukue mabati ya zamani. Bati moja lenye matundu linavujisha mvua. Weka la pili juu yake, na la tatu, na la ine. Matundu hayako pahali pamoja, kwa hiyo mvua inazuiliwa. Lakini siku matundu yote yakilingana, maji yanaanguka mpaka kitandani.

Hospitali inalindwa na mabati mengi. Diploma ya munganga ni bati. Muuguzi anayesoma jina la mgonjwa mbele ya kumpa dawa ni bati. Komite ni bati. Mkaguzi wa serikali ni bati. Hakuna bati lisilo na tundu hata moja. Kazi ya kuchunga hatari ni kutafuta matundu mapema, na kuangalia kwamba hayalingani.

Bati moja la bei ndogo tunalolijua ni karatasi ya OMS kwa upasuaji salama, ya mwaka 2008. Iko na mambo 19 ya kusoma kwa sauti: mbele ya mgonjwa kulala, mbele ya kupasua, na mbele ya kumtoa. Jina lake ni nani? Tunapasua wapi? Vitambaa vimehesabiwa? Waliijaribu katika hospitali nane za inchi nane, na moja ilikuwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Mbele ya karatasi, wagonjwa 15 katika 1000 walikufa. Kisha karatasi, 8 katika 1000. Wenye kupata matata makubwa walishuka toka 110 mpaka 70 katika 1000. Hawakujenga nyumba mpya juu ya kupata matokeo yale. Walikubali kuuliza kwa sauti, na kujibu.

4. MFANO WA UINGEREZA

Sasa tutachukua mfano wa mbali. Tumeuchagua juu ya sababu moja: mambo yake yalichunguzwa wazi na kuandikwa, ndiyo maana tunaweza kujifunza.

Katika Uingereza kuna hospitali za serikali, na kuna makundi ya hospitali za watu binafsi. Moja ya makundi hayo ni Spire, lenye hospitali zaidi ya 30. Mbele ya mwaka 2007 hospitali zake nyingi zilikuwa mali ya Bupa. Munganga mmoja wa kupasua matiti, Ian Paterson, alifanya kazi katika hospitali ya serikali pale Solihull, na vilevile katika hospitali mbili za kundi hili, Parkway na Little Aston.

Munganga huyu aliwaambia watu kwamba wako na kanseri, ao kwamba kanseri inakaribia, na kumbe hawakuwa nayo. Aliwapasua bila sababu. Na wengine waliokuwa na kanseri kweli, aliwakata titi na kuacha nyama ndani, jambo lililoweza kurudisha ugonjwa.

Mwaka 2003 wanganga wenzake katika hospitali ya serikali walikuwa wamekwisha kueleza wasiwasi. Mwaka 2007 wasiwasi uliletwa tena. Lakini aliendelea mpaka mwaka 2011. Aprili 2017 tribinali pale Nottingham ilimpata na makosa 20 ya kujeruhi watu 10, wanawake tisa na mwanaume mmoja. Alipewa kifungo cha miaka 15. Agosti ya mwaka uleule tribinali ya juu iliongeza mpaka miaka 20. Na watu 10 wale walikuwa mfano tu: wagonjwa karibu 750 walihesabiwa kwa kulipwa. Mwaka 2017 sanduku la pauni milioni 37 lilipangwa juu yao. Spire ilitoa milioni 27.2.

Mtu atauliza: hakukuwa na komite? Zilikuwako. Hakukuwa na wakaguzi? Walikuwako. Basi maji yalipita wapi?

Tundu la kwanza: Paterson hakuwa mfanyakazi wa kundi. Alipewa ruhusa tu ya kutumia vyumba na vyombo vyake. Ndiyo namna ya hospitali nyingi za watu binafsi kule. Mgonjwa aliona jina la hospitali juu ya mlango, akafikiri kwamba hospitali inajibu kwa kila munganga aliye ndani. Kumbe kundi liliweza kusema, "Huyu si mtu wetu."

Tundu la pili: hospitali ya serikali na hospitali za kundi hazikuunganisha habari zao vizuri. Kila moja iliona kipande chake. Hakuna aliyekuwa na hesabu ya kazi yote ya mtu mmoja.

Tundu la tatu: feza. Katika hospitali ya namna ile, kila upasuaji unaingiza feza kwa munganga na kwa nyumba. Munganga mwenye wagonjwa wengi anaonekana kuwa baraka. Ni nani atakayeuliza juu ya nini yeye anapasua kuliko wengine? Katika kaye ya mali hakuonekana kama hatari, alionekana kama faida. Na hapa ndipo mtego tuliousema mbele.

Tundu la ine: mgonjwa mwenyewe hakuwa na karatasi ya kumsaidia. Munganga aliandika barua kwa munganga mwenzake, kwa maneno ya kazi. Mgonjwa hakuweza kuilinganisha na yale aliyoambiwa kwa mdomo.

Tundu la tano: ukimya. Wengine waliona na hawakusema. Wengine walisema, na wakubwa walikawia, walificha kwa heshima ya munganga mkubwa, ao waliogopa jina la hospitali kuharibika.

Ndugu, tuone mwisho wake. Wale waliofikiri kwamba wanalinda jina la nyumba kwa kunyamaza, ndio walioliharibu jina lile zaidi. Kama wangemsimamisha mwaka 2003, nyumba ingepata aibu kidogo na hasara kidogo, na mamia ya watu wangebaki wazima. Kwa kungoja mpaka 2011, hatari ya mgonjwa ilizaa hatari ya nyumba, kubwa mara nyingi.

5. MAMBO YALIYOTENGENEZWA

Serikali iliagiza uchunguzi chini ya Askofu Graham James, na ripoti ilitoka Februari 2020, yenye mashauri 15. Tunataja machache tu yanayofaa kwa somo letu.

Munganga aandike barua kwa mgonjwa mwenyewe, kwa maneno mepesi, na munganga wa nyumbani apewe kopi. Mgonjwa apewe siku za kufikiri kati ya kuelezwa na kupasuliwa. Mgonjwa aelezwe wazi munganga ni mtu wa hospitali ao ni mtu mwenye ruhusa tu, na nani atajibu kama kuna kosa. Pawe na pahali pamoja pa kuandika kazi yote ya kila munganga mkubwa, katika hospitali za serikali na za watu binafsi. Mpango wa bima ya wanganga utengenezwe, kwa sababu ulikuwa na upungufu mkubwa. Na wakubwa wa hospitali waombe masamaha mapema, bila kuogopa kwamba neno la masamaha litawaleta mbele ya tribinali.

Sheria nyingine ilikuwa imekwisha kuanza. Tangu mwaka 2014 kwa hospitali za serikali, na tangu Aprili 2015 kwa nyumba za watu binafsi, hospitali ya Uingereza iliyomwumiza mgonjwa sana inapaswa kumwambia kweli, kumwomba masamaha, na kumwandikia. Kuficha ni kosa la sheria. Na tangu mwaka 2016 kuna mpango wa kuweka ndani ya hospitali mtu ambaye mfanyakazi anaweza kumpelekea neno bila kupita kwa mkubwa wake.

Hata ndani ya makundi yenyewe leo, karatasi za munganga mwenye ruhusa zinapaswa kuangaliwa tena na tena: diploma, bima, hesabu ya upasuaji wake, na matata yaliyotokea. Komite ya wanganga wa kila hospitali inashauri kama ruhusa yake iendelee ao ikatwe. Na katika baraza kuu wanakaa pamoja watu wa uuguzi na watu wa hesabu, wanasoma kaye zote mbili.

6. NA SISI HUKU KWETU?

Katika Kongo makanisa yanasimamia hospitali nyingi na Zone za Afya nyingi. Hatuna mauzo ya hisa, wala feza za Spire. Lakini mambo ya kuchunga hatari hayaombi feza nyingi. Yanaomba kaye moja, kalamu, na wakubwa wanaokubali kusoma.

Anzeni hivi. Kila juma, wakubwa wa sale, mtu wa farmasi, mtu wa laboratware, msimamizi wa mali na Munganga-Direkta wakae saa moja. Wasome kaye. Waulize: juma hili kitu gani kilikaribia kumwumiza mgonjwa? Tunasema "kilikaribia", juu ya kuwa dawa mbaya iliyoonwa mbele ya kuingia mdomoni inafundisha sawa na ile iliyoingia, na haikuua mtu.

Msianze kwa kuuliza "Ni nani?" Anzeni kwa kuuliza "Namna gani?" Chupa mbili zilifanana? Muuguzi alikuwa peke yake usiku na wagonjwa 40? Taa ilikuwa imezimika? Kama mtu alifanya uovu kwa kusudi, huyo ana njia yake ya azabu, kama tulivyoona kwa Paterson. Lakini ukimpiga azabu kila anayeandika kosa, kaye itabaki nyeupe, na wakubwa watafurahi kwamba hospitali yao haina hatari. Kaye nyeupe ni ya kuogopa kuliko zote.

Munganga anayekuja kutoka nje kusaidia kwa majuma mawili, hata kama anatoka mbali na anaheshimiwa, aonyeshe karatasi zake sawa na wengine. Matata ya wagonjwa wake yaandikwe sawa na ya wengine.

Msimamizi wa mali asikatishe kitu cha kulinda mgonjwa bila kuuliza sale. Akipunguza glavu ao sabuni juu ya kuokoa franka, aandike hatari ile katika kaye na jina lake pembeni.

Na wewe mwanafunzi, ukiona jambo lisilo sawa kwa munganga mkubwa, usiseme "Mimi ni mtoto katika kazi hii." Mwambie mkubwa wa sale yako kwa heshima. Asiposikia, andika: siku, saa, kitu ulichokiona kwa macho yako, bila matukano na bila kuongeza. Karatasi ile inaweza kuwa bati la mwisho juu ya kitanda cha mtu.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA SALE

1. Hatari ya mgonjwa ni nini? Hatari ya nyumba ni nini? Taja mbili mbili za hospitali yako.

2. Oksijeni ya hospitali yako inaweza kukosa. Ipime: kutokea mara ngapi, toka 1 mpaka 5? Kuumiza namna gani, toka 1 mpaka 5? Zidisha. Jina la nani liko mbele ya hatari ile?

3. Katika mfano wa Paterson, ni tundu gani liko hata kwetu?

4. Mara ya mwisho muuguzi wa sale yako aliandika kosa ilikuwa siku gani? Jibu lilirudi?